Nyumbani mara mbili, hospitali mara moja: maoni yangu kuhusu wodi ya wazazi Pemba

Wifi yangu ana mimba ya miezi minane na kila siku ananiuliza, hivi wifi nizalie wapi, kwa bibi mkunga au niende hospitali, nimechoka kumjibu kwa voisi basi naandika yote mara moja na wengine msome.

Mie nimezaa watatu, wawili nyumbani shamba huku Pemba na wa mwisho hospitali. Hospitali siitaji jina, kisiwa chenyewe hiki kidogo, kesho nakutana na nesi sokoni anachagua mchicha.

Nyumbani kwanza. Kifungua mimba nilimzaa chumbani kwa mama, mkunga ni bibi wa nyumba ya pili ambaye ndiye aliyemzalisha mama kunizaa mie. Alifunga kanga kwenye boriti, uchungu ukinishika naning'inia, nikitaka kutembea natembea, nikitaka kupiga magoti napiga, hakuna aliyenambia lala chali. Mgongo unasuguliwa mafuta ya nazi, mama yuko ukumbini anasoma Suratul Maryam, nikinyamaza kidogo anaita vipi huko? Mtoto katoka kabla ya alfajiri, babake kamuadhinia hapo hapo. Na baada yake sikwambii, kukandwa maji ya moto asubuhi na jioni, uji wa pilipili manga, supu ya kuku wa kienyeji, mtu hata kanga yake hafui. Nyota tano, wallahi, kama ningeishia kwa huyo mmoja.

Wa pili bibi yule yule, chumba kile kile. Mtoto katoka vizuri, kondo likagoma. Bibi kanipa chupa tupu niipulize, eti nguvu ya kupuliza italisukuma, napuliza weee, kondo halitoki, kinachotoka ni damu. Kanga ya kwanza ikarowa, ya pili ikarowa, ya tatu mama kaificha nisiione lakini niliiona. Shemeji akaenda kumgongea mwenye gari, saa nane usiku, na gari lenyewe likawa halina mafuta. Ninachokumbuka ni miguu baridi kama nimeitia ndani ya barafu na mama ananipiga vibao vya shavu, usilale, usilale. Hospitali wakalitoa kwa mkono nikatiwa damu chupa mbili, baadae ndio naambiwa kuwa damu nyingi baada ya kuzaa ndiyo inayoongoza kuuwa wazazi duniani, na mtu anaweza kwenda ndani ya saa mbili tu. Saa mbili! Sisi saa nzima tulikuwa tunatafuta petroli. Bibi simlaumu, mikono yake mizuri na kazi anaijua, ila hakuwa na dawa ya kuzuia ile damu.

Ndio maana wa tatu nikasema hospitali, mama mkwe akanuna wiki nzima, mume akasema fanya unavyoona (ambayo kwa wanaume wetu ni ruhusa kubwa hiyo).

Sasa hospitali. Huduma wanasema bure, na kweli hakuna aliyenidai pesa ya kuzalishwa, lakini glavu na uzi wa kitovu nilitumwa dukani, na kukodi gari elfu thelathini. Mama alibakishwa nje, kisa chumba cha leba hakina nafasi, vitanda vitatu na pazia moja lisilofika mwisho, basi ukitizama upande unamuona mwenzio na yeye anakuona. Nikitaka kusimama naambiwa panda kitandani lala. Nilipolia nesi wa zamu kaniuliza "wa tatu huyu, unalia nini?" huku kidole kiko kwenye simu. Sijui nani kawaambia uchungu unapungua kwa hesabu. Na usiku wodini tulilala wawili kitanda kimoja, mzungu wa nne, na watoto katikati, miguu ya mwenzangu usoni mwangu na mie yangu kwake, masikini tukacheka tu.

Lakini zamu ilibadilika akaja nesi mwengine, kijana mdogo, mashaallah. Kila mara anasikiliza moyo wa mtoto na kuandika kwenye karatasi yake ya grafu, ananieleza na njia imefunguka kiasi gani. Mtoto katoka tu, hata sijaulizia mume au mke, kanichoma sindano ya paja ya kuzuia damu, kondo likatoka taratibu halafu kanishika mkono kauweka chini ya kitovu changu, kanambia sikia hapa kizazi, kigumu kama embe bichi, kikilegea kama andazi ukikande hivi na uniite. Nililala mkono uko pale pale. Kanga moja, na haikurowa. Mtoto kapata matone ya polio na chanjo ya kifua kikuu kabla hatujatoka.

Kuna shoga yangu yuko Uingereza alizaa nyumbani kwake sebuleni akawa ananiringia, ona na huku watu wanazaa nyumbani. Sawa mamaa, lakini wewe mkunga wa serikali kakujia mlangoni na dawa zake na gesi ya kupunguza uchungu, na ambulansi ukiipigia inakuja. Mie yangu ilikuwa inatafutiwa petroli.

Kwa hiyo hospitali nawapa nyota tatu. Moja nimeikata kwa kumuacha mama getini, Shirika la Afya Duniani tokea 2018 limesema mzazi awe na mtu wake anaemtaka, na mkao achague mwenyewe, na hilo wala halitaki mashine, linataka pazia refu na kiti. Nyengine nimeikata kwa yule wa simu.

Wifi, wako huyu ni kifungua mimba, nenda hospitali. Usisubiri uchungu ukolee, zungumza na mwenye gari sasa hivi na umuulize mafuta yapo. Kukandwa na uji utayakuta nyumbani, bibi nishamwambia. Beseni langu na mpira wa kulalia vipo, njoo uvichukue, beseni lina ufa ukingoni lakini halivuji.