Kabla hujalipia akili mnemba ya kuandikia simulizi, iulize mjomba ni nani

Sehemu ya 9 ya simulizi ninayouza kwenye grupu iliposhuka, msomaji mmoja akaniandikia grupuni: "Dada mtunzi, mjomba Hamisi kawa baba mdogo tangu lini?" Wenzake wakacheka. Mimi nilitaka kulia. Simulizi nzima imesimama juu ya nyumba ya marehemu, ambayo baba mdogo anaing'ang'ania na mjomba hana chake humo. Programu niliyoilipia mwaka mzima kwa mkupuo iliwaona wote wawili ni anko tu, ikawachanganya.

Wanaotaka kuanza huniuliza bei, kasi, na kama inakubali kwenye simu. Zote zinakubali kwenye simu. Wewe pima ukoo. Ipe sehemu zako tano, kisha iulize, kama mimi kwa wahusika wangu: Hamisi ni nani kwa Zuhura, na nyumba inamhusu nini? Ikibabaika, rudisha pesa mfukoni. Mifumo hii imelelewa zaidi kwa Kiingereza, ambako kaka wa mama na mdogo wa baba wana jina moja. Tena mazungumzo yakirefuka, ya mwanzoni yanadondoka, na Kiswahili hujaza nafasi ya kumbukumbu yake mapema kuliko Kiingereza kwa sababu neno kama "hawakumwambia" hukatwa vipande vingi. (Saa nazo usiziamini. Nimeshaandikiwa watoto wanaenda shule saa saba asubuhi.)

Ya kwanza kwangu ni ChatGPT Plus, na upendeleo huo siufichi. Ina miradi: unaweka humo faili la ukoo, nani kazaliwa na nani, nani anamwamkia nani, na kila sehemu mpya inaanzia hapo. Faili hilo liandike mwenyewe, usiiachie mashine. Ya pili ni Claude Pro, dola 20 kwa mwezi kama mwenzake, na miradi inayo. Kama umeshaizoea usihame kwa ajili yangu. Ya tatu Sudowrite, iliyotengenezwa hasa kwa watunzi wa hadithi, ila hiyo inamfaa zaidi anayeandika Kiingereza. Wasomaji wako wakiwa Mbagala au Mombasa, ipite. Ukitaka ya bure, chukua Gemini.

Kinachoniuma ni hizo dola 20. Sehemu moja nauza shilingi 500 za Tanzania, kwa hiyo malipo karibu mia moja yanaishia kwenye programu kabla sijanunua bando. Hapo ndipo wanapojitokeza wauza akaunti za kuchangia, elfu kumi tu dada, mwezi mzima. Nilinunua. Siku ya nne nywila ikabadilishwa, na namba ya muuzaji ikawa haipokelewi. Kumbe wote tuliochangia tulikuwa tunaonana rasimu. Sehemu ya 10 niliishusha Jumamosi; kwenye grupu la mtu mwingine ilikuwa imeshashuka tangu Alhamisi, ile ambayo sijaisahihisha, na humo Hamisi bado ni baba mdogo.