Anuradhapura kwa bajaji siku nzima, uzoefu wangu (ziara ya nusu siku usilipie)

Mimi nimekulia Upanga, Dar, na wanaoijua Upanga wanalijua lile hekalu la Wabuddha lenye mti mkubwa, mche wake uliletwa kutoka Sri Lanka enzi za mababu. Nimepita pale miaka yote ya shule bila hata kuuliza. Sasa mwaka jana nikapata safari ya kikazi Colombo, nikasema hapa siondoki bila kufika Anuradhapura, mji wa kale wa huko Sri Lanka, kwenye mti wenyewe mtakatifu wa Wabuddha. Nikapanda treni pale stesheni ya Fort, kilomita 200 na ushee, dirisha wazi njia nzima mashamba ya mpunga tu.

Nikakosea mwanzoni kabisa. Nilibuku mtandaoni ziara ya nusu siku, kampuni siitaji, sehemu nane kwa saa nne, mnashuka dakika kumi, picha, haya twende. Kwenye mti tulifika tumebakiza dakika chache nikavua viatu nakimbia, jioni nimerudi gesti nimenuna, hela imeenda na sijaona kitu.

Mama mwenye gesti akanionea huruma, akaniitia dereva wa bajaji, jirani yake, mtu mzima kidogo, Mbuddha mwenyewe. Huyu ndo ninayempa nyota tano bila kufikiria mara mbili. Alinitumia meseji usiku: vaa nguo nyeupe, beba soksi. Saa kumi na mbili asubuhi yuko nje.

Tukaanza kununua maua, mayungiyungi yakiwa bado yamefumba, akanionyesha namna ya kukunja kila petali kwa ndani pole pole mpaka ua linafunguka mkononi. Yangu mawili ya kwanza yalichanika. Halafu tukakaa mchangani chini ya mti karibu saa nzima, hakunisemesha. Ule mti ukitegemea jitu utashangaa, matawi ni membamba yameshikiliwa na nguzo za rangi ya dhahabu, na kila jani likidondoka kuna mtu anainuka kuliokota kwa mikono miwili. Tawi lake lililetwa na Sanghamitta, binti wa mfalme Ashoka wa India, karne ya 3 KK, kutoka kwenye ule mti wa Bodh Gaya ambao Buddha alipata nuru chini yake. Yaani zaidi ya miaka 2,200 watu wanapokezana kuutunza, vita imekuja imepita, mji umehamwa, mti una walinzi wake. Mimi hapo machozi yalinilenga, sioni aibu kusema.

Jetavanaramaya ni stupa, yaani kuba la ibada la Wabuddha, mlima mzima wa matofali, mfalme Mahasena ndo aliuanzisha, ulikuwa na mita 122 na zama zile ni piramidi mbili tu za Giza zilizouzidi, sasa imebaki kama 70. Hekalu la Isurumuniya tulipita haraka, palijaa watu. Lakini kitu ambacho waongozaji wengi wanakiruka ni mabwawa. Tissa Wewa lilijengwa kabla ya Kristo na mpaka leo maji yake yanaenda shambani, jioni watu wanaoga pale na watoto wao, dereva wangu na yeye alikoga hapo akiwa mdogo. Ndo maana nawaambia ule mji usiuite magofu, una wenyewe.

Kasoro: mchana alinipitisha duka la vinyago ambalo sikuliomba, nikamwambia sitaki, tukaondoka yakaisha. Na ile sakafu ya mawe saa saba mchana inaunguza kweli, hapo ndo nikaelewa habari ya soksi. Tiketi ya mgeni inauma na baadhi ya sehemu zina kiingilio chake pembeni, weka hela kabisa.

Mwisho ikawa Ruwanwelisaya, ile stupa nyeupe yenye ukuta wa sanamu za tembo, giza linaingia taa zinawaka. Ikaja familia kubwa imebeba kitambaa cha rangi ya machungwa kirefu sana, wanakizungusha kwenye kuba huku wanaomba, na bibi mmoja mbele yangu akageuka akanipa sehemu nishike. Nikazunguka nao mzunguko mzima.

Bei elewaneni kabla hamjaondoka, na muombe dereva aanzie kwenye mti.