Dixie Dean au George Camsell?

Ukitaja mastraika wa Uingereza miaka ya kati ya vita mbili za dunia watu wanakimbilia Dean tu, na kweli, mabao 60 ya ligi msimu wa 1927-28 akiwa Everton si mchezo, tena 1926 alipata ajali ya pikipiki akavunjika fuvu, halafu lile la 60 kalipiga kwa kichwa mechi ya mwisho na Arsenal, kona ya Alec Troup, uwanja mzima wa Goodison shangwe. Ila Camsell wa Middlesbrough jamani! Msimu mmoja nyuma alishatupia 59, daraja la pili sawa, lakini timu ya taifa kacheza mechi 9 tu, mabao 18, na kila mechi kafunga. Dean naye 18, ila mechi 16. Mi kwa uzito wa ligi nampa Dean, ila Camsell kusahaulika vile kunaniuma.