Mafunzo ya mavolontia shelta ya familia Boston: nyota nne

Jamani nimemaliza mafunzo ya mavolontia kwenye shelta moja ya familia zisizo na makazi hapa Boston, masaa sita, chai na donati juu yao. Nilichopenda zaidi ni zoezi la mapokezi, mi nikaigiza mama mwenye watoto wawili na mizigo kwenye mifuko ya plastiki, mwenzangu akanivamia na maswali kibao hata kiti hajanipa, mkufunzi akamkata hapohapo, "mwache akae kwanza, mpe mtoto maji, fomu haikimbii." Hiyo imenikaa. Tumefundishwa pia kupuliza Narcan puani, ile dawa ya kumwokoa mtu aliyezidisha dawa za kulevya kama heroini, afu ile sheria ya McKinney-Vento ya 1987, kumbe mtoto asiye na makazi ana haki ya kubaki shule yake ileile na usafiri anapewa, miaka yote hii huku sikujua!

Ila kutunza siri za watu wamegusia dakika kumi tu tukaambiwa saini hapa, na habari za mkalimani hamna kabisa, wakati jikoni nimesikia Krioli ya Haiti kuliko Kiingereza. Sasa mgeni akija usiku naongea nae kwa ishara au vipi?