StoryGraph: msaada kwa anayeandika tathmini za vitabu Lubumbashi

Hapa Lubumbashi, ambako kitabu kimoja huazimwa katika maktaba ya Halle de l'Étoile na kingine hutoka kwa rafiki anayetaka kirudishwe upesi, StoryGraph, programu ya kuweka kumbukumbu za usomaji wa vitabu iliyobuniwa na Nadia Odunayo wa Uingereza, imenifaa kuliko daftari lolote. Mtumiaji huweka lengo la mwaka kwa idadi ya vitabu au ya kurasa. Mimi huchagua kurasa, kwa sababu aliyemaliza riwaya nene hastahili kuonekana mvivu, na kuona hesabu ikipanda kila jioni hunitia moyo wa kuendelea. Katika shajara yake huandika dokezo pamoja na namba ya ukurasa niliofikia, hivi kwamba siku ya kuandika tathmini hukuta hoja zangu zimekwisha kupangika. Nyota za kukipa kitabu alama hugawanywa hadi robo, jambo ambalo ni haki kwa mwandishi. Kitabu kisichomo kwenye orodha huweza kuongezwa kwa mkono, na hilo nalithamini sana kwa ajili ya vitabu vinavyochapishwa hapa kwetu. Michoro ya takwimu inapendeza tu. Toleo lisilolipiwa linatosha kabisa kwa kazi hii.