Kuhamia uuguzi ukiwa mtu mzima Tanga: kozi ipi ina thamani ya pesa yako

Kwa mtu mzima anayeacha ualimu, duka au kazi ya benki ili awe muuguzi, tunapendekeza stashahada ya miaka mitatu. Kozi ya mwaka mmoja ni nafuu lakini haimfikishi anakotaka. Shahada ya uuguzi ni nzuri, ila wengi walijifungia mlango wa kuiingia moja kwa moja siku walipochagua masomo ya sanaa.

Tuanze na hiyo ya mwaka mmoja, kwa sababu ndiyo inayopigiwa debe zaidi. Ni mafunzo ya uhudumu wa afya. Kazi yake ni ya halali na wodi haziendi bila hao watu: kugeuza wagonjwa, kuwaogesha, kupeleka sampuli maabara. Lakini mhudumu hasajiliwi na Baraza la Uuguzi na Ukunga, na kwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya 2010 asiyesajiliwa haruhusiwi kufanya kazi ya uuguzi. Anayekwambia "utaanzia hapo, utapanda" mwulize utapanda kwa cheti gani. Jibu litakurudisha kidato cha nne.

Na kidato cha nne ndiko mambo yanakoamuliwa. Stashahada inataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. D inatosha. Hisabati na Kiingereza ni nyongeza nzuri. Shahada ya biashara haifidii F ya Kemia, hata ukiwa na uzoefu wa miaka kumi kazini. Asiye na masomo hayo anarudia kama mtahiniwa wa kujitegemea: usajili hufunguliwa Januari, mtihani ni Novemba. Kabla hujalipa kituo, uliza mtihani wa vitendo wanauandaa vipi. Kituo kinachokwepa swali hilo, kiache.

Sasa piga hesabu ya umri, maana matangazo ya ajira serikalini huweka ukomo wa miaka 45. Mtu wa miaka 38 anayejisajili kurudia mtihani Januari 2026 hupata matokeo mwanzoni mwa 2027, huomba chuo katikati ya mwaka na kuanza masomo kwenye Septemba au Oktoba. Anamaliza 2030, bado ana mtihani wa Baraza wa usajili na leseni. Akishika leseni ana miaka 42 au 43, kwa hiyo amebakiwa na dirisha dogo. Hospitali binafsi na za madhehebu zina taratibu zao. Tena kuna hili ambalo walimu hulisahau: matangazo hayo huwataka walio tayari kwenye utumishi wa umma wasiombe nafasi za kuingilia. Zungumza na mwajiri wako kabla hujaandika barua ya kuacha kazi.

Maombi ya kozi za afya Tanzania Bara hupitia mfumo wa pamoja wa udahili wa NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi. Anayekuuzia "nafasi" kwa simu anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Angalia mambo mawili: namba ya usajili ya chuo, ambayo kwa vyuo vya afya huanza na REG/HAS, na kama Baraza la Uuguzi linakitambua chuo hicho kwa kozi ya uuguzi hasa. Chuo kinaweza kuwa halali kwa famasia na kisiwe na kibali cha uuguzi. Hakikisha pia majina kwenye cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na kitambulisho cha NIDA yanalingana. Walioolewa wakabadili jina husumbuka sana hapa.

Masomo yenyewe hayana toleo la jioni kwa anayefanya kazi mchana. Mwaka wa kwanza ni ngazi ya 4 ya NACTVET, wa pili ya 5, wa tatu ya 6, na mazoezi ya wodini yana zamu za usiku na za Jumapili. Anayesoma Muheza na kulala Tanga mjini ataona kilomita si nyingi, lakini ripoti ya asubuhi haingoji Coaster ijaze abiria stendi ya Kange. Panga chumba karibu na hospitali.

Ugumu unaowashtua watu wazima ni hesabu. Mgonjwa apewe lita moja ya dripu kwa saa nane, mrija unatoa matone 20 kwa mililita: 1,000 mara 20, gawa kwa dakika 480, unapata matone 42 kwa dakika. Unayahesabu kwenye chemba ukitazama saa, kwa hiyo nunua saa yenye mshale wa sekunde. Ukikosea ukaweka 84, lita nzima imeingia kwa saa nne, na moyo dhaifu hauwezi kuubeba mzigo huo. Leba nako partografu, chati ya kufuatilia uchungu wa kuzaa, haisubiri: mapigo ya mtoto kila nusu saa, njia ya uzazi kila saa nne, yote yaandikwe kwa wakati wake. Na anayekusimamia anaweza kuwa binti wa miaka 25. Utamwita Sista, naye atakukosoa mbele ya wagonjwa.

Shahada husomwa Muhimbili, KCMC Moshi, Bugando au Dodoma kwa miaka minne, na mwaka wa mafunzo kwa vitendo juu yake. Ukitokea stashahada, lenga wastani wa alama (GPA) wa 3.0 au zaidi tangu muhula wa kwanza, kisha omba namba ya uhakiki ya NACTVET, AVN, ndipo uombe chuo kikuu. Kwa mshahara wa serikali, cheti cha uuguzi cha miaka miwili huanzia TGHS A (TGHS ni ngazi za mishahara ya watumishi wa afya), stashahada B, shahada C.

Mikopo ya serikali kwa stashahada za afya ilianza mwaka wa masomo 2023/2024, lakini vigezo huangalia pia ulimaliza shule lini. Aliyemaliza zamani apange bajeti ya miaka mitatu bila mkopo na bila mshahara: karo, sare, viatu, stetoskopu, mashine ya presha, kodi ya chumba. Kama akiba haifiki mwisho wa mwaka wa pili, ahirisha mwaka mmoja ukiwa bado kazini.