Udongo wa chembechembe kwenye tangi la diskasi wadogo: miezi minne ya matumizi

Ni ule udongo mweusi uliookwa, mfuko wa lita 9, unaouzwa kwa ajili ya mimea ya majini. Tangi ni la sm 120 × 45 × 45, lita 243 likijaa pomoni, na diskasi, samaki bapa wa mapambo wanaopenda maji ya joto, ni wanane wa sm 6. Kutandaza sm 5 kama mfuko unavyoelekeza kulikula mifuko mitatu. Kwa mimea naupa nyota tano. Kwa diskasi wa umri huo, ukitandazwa tangi zima, mbili tu.

Tatizo kubwa ni chakula. Samaki hawa hulishwa mara tano kwa siku, na moyo wa ng'ombe uliosagwa humeguka kila wanapoudonoa. Kwenye kioo kitupu mabaki unayanyonya kwa mpira mara moja. Kwenye chembechembe yanapenya chini, na kwa joto la nyuzi 29 hadi 30 yanaanza kuoza siku hiyohiyo. Ukiyafuata na mpira, udongo nao unapanda. Ukivurugwa mara kwa mara unasagika kuwa tope.

Kuhusu pH, yaani kipimo cha asidi ya maji (namba ikishuka, asidi imezidi), mfuko haudanganyi ila hausemi yote. Maji yangu ya bomba ni 7.6; kabla ya samaki kuingia, tangi lilishuka hadi 6.4. Udongo hufanya kazi hiyo kwa kunyonya kaboneti, ambazo ndizo huzuia pH isishuke, na uwezo huo huisha. Diskasi wadogo hubadilishiwa nusu ya maji kila siku, na kila ndoo inaleta kaboneti mpya. Wiki tatu tu, pH ikarudi 7.4. Hatari iko katikati ya safari hiyo: kwenye maji ya asidi, amonia (sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki na chakula kinachooza) kwa wingi iko katika umbo la amoniamu, ambalo sumu yake ni ndogo. Ukimwaga maji ya bomba mengi kwa mpigo, pH inapanda na sehemu yake inageuka amonia kamili. Samaki wanakuwa weusi, wanabana mapezi, wanahemea juu. Kipimo cha dukani husoma jumla ya vyote viwili, hivyo mabadiliko hayo hutayaona.

Nilichofanya: niliutoa wote, sakafu ikabaki kioo. Udongo ukahamia kwenye trei mbili za plastiki za chakula, sm 30 × 20, kina sm 7. Sm 6 za udongo ni lita 3.6 kwa trei, kwa hiyo mfuko mmoja unatosha na chenji inabaki. Juu yake sm 1 ya kokoto ndogo, kwa sababu diskasi hupuliza maji kwa mdomo kufukua chakula, na bila kokoto chembechembe zinatapakaa kote. Usiuoshe kabla ya kuutumia, utaupondaponda bure.

Kwenye trei panda Echinodorus, ambayo hula kwa mizizi na haiogopi nyuzi 30. Cryptocoryne itadondosha majani wiki za kwanza, iache, usiing'oe. Anubias usiizike: shina lake la kulala huoza, lifunge kwa uzi kwenye gogo. Yale majani ya kutambaa kama zulia mnayoyaona kwenye picha za matangi ya mimea hayafai kwa joto hili. Taa saa 6 kwa siku zinatosha; ukizidisha, mwani utavamia Anubias kwanza.

Udongo mpya hutoa amonia. Endesha tangi na filta wiki 4 hadi 6 bila samaki, ukibadilisha nusu ya maji kila siku wiki ya kwanza, hadi amonia na naitraiti (sumu nyingine, ambayo bakteria huitengeneza kutokana na amonia) zote zisome 0. Hita yangu ni ya wati 300, na kipimajoto cha pembeni ni lazima: namba ya kwenye kitufe ilipotoka kwa nyuzi 2. Ufunike mdomo wa filta kwa sponji, uikamue kila baada ya siku mbili. Hapo ndipo nusu ya uchafu wa moyo wa ng'ombe huishia.